Moja Kumi na Saba

Chuoni, Nyumba za Wahadhiri
4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko wangu kwenye bahasha utaitupa juu ya kabati, usahihishe kwanza madaftari ya wanafunzi wako, unywe chai, ndipo uifungue kwa kisu cha jikoni huku umekunja uso. Sawa. Nimeandika nikilijua hilo.

Wamenipa uprofesa. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, hata mwenye nyumba hajui. Desturi ya hapa ni kwamba profesa mpya husimama mbele ya chuo kizima akatoa hotuba, na lazima awe na jambo ambalo halijasemwa na mtu. Yangu ni tarehe 16 Mei, na jambo lenyewe sina. Vikao vimenimaliza, Dada. Siku hizi hesabu ninayoifanya zaidi ni ya viti vya mkutano.

Nimeikumbuka namba yetu. Moja kumi na saba zilizopangwa mstari mmoja: 11,111,111,111,111,111. Unakumbuka Baba alivyoahidi baiskeli kwa atakayejua kama inagawanyika? Moja mbili ni kumi na moja, hiyo haigawanyiki. Moja tatu, tatu inaingia. Moja tano, arobaini na moja inaingia. Moja saba, mia mbili thelathini na tisa. Hata ile ya moja kumi na tatu tuliifungua kwa hamsini na tatu, tukakimbia uani kama tumefumania mwizi. Ya kumi na saba ikatugomea, Baba akafa na baiskeli yake.

Wewe una mkono ambao hapa chuoni hakuna aliye nao. Nisaidie. Ni tasa, au ina vigawo? Ukipata jibu kabla ya Mei, jina lako nitalitaja.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Shule ya Wasichana, nyumba namba tatu
19 Februari

Ndugu Miwani,

Umekuwa mhariri wa jarida la hesabu sasa, nasikia hata tumbo umeota. Hongera kwa vyote viwili. Nakuandikia kwa sababu tulikaa dawati moja mwaka wa kwanza, na kwa sababu wewe peke yako uliwahi kuyaona makadibodi yangu kabla hayajawa ya mtu mwingine.

Yakumbuke. Vipande virefu vyenye matundu niliyotoboa kwa msumari, kila kipande kwa namba yake ndogo. Ukitaka kujua kigawo cha namba kubwa kinaweza kujificha wapi, unapanga vipande kimoja juu ya kingine, unavishika dirishani. Palipozibwa, achana napo. Tundu linalopitisha mwanga, hapo ndipo pa kujaribu kugawa. Tuliliita chekeche. Mama alipopooza nikaacha masomo kwenda kumuuguza, na sanduku la makadibodi nikaliacha chini ya kitanda cha mdogo wangu bwenini, nikamwambia anitunzie. Akanitunzia kweli. Mimi namgeuza Mama kitandani, yeye anageuza makadibodi yangu. Mama alipozikwa, Kitinda alikuja msibani amevaa viatu vipya, na tasnifu yake juu ya chekeche ilikuwa imeshajalidiwa. Ndani yake nimetafuta jina langu kama mtu anayetafuta sindano iliyompotea. Halimo.

Miaka kumi na moja, Miwani. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa ananiomba nimpe namba ya Baba. Hajui kwamba ninayo tayari. Nilijitobolea makadibodi mengine, nikaanza upya, jioni baada ya jioni, na mwaka jana tundu moja likapitisha mwanga, nikagawa, na mashine ya kuhesabia ikatoa baki sifuri. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Namba ile ina vigawo viwili, wala si tasa.

Nitamwambia ni tasa. Nitampa uthibitisho wa kupendeza, aubebe mbele ya chuo kizima. Wewe utakuwa ukumbini na bahasha yangu mfukoni. Ndani yake kutakuwa na namba mbili na sahihi yangu tu. Akimaliza kupigiwa makofi, simama uzisome.

Usinijibu kwa mahubiri.

Mimi,
Mwalimu

*

Ofisi ya Jarida
27 Februari

Mwalimu,

Tumbo ni kweli, nalibeba kwa heshima.

Sihubiri. Nauliza tu. Kitinda si mjinga. Ukimpa uthibitisho mbovu si ataukagua? Na la pili: ukishamwangusha, wewe utapata nini? Chekeche halitarudi kwako kwa sababu yeye ameanguka. Ukitaka, niandikie malalamiko rasmi, niyapeleke kwenye kamati ya jarida. Ni polepole, najua, kamati yetu hata chai huijadili. Lakini ni njia.

Ukikataa, tuma bahasha. Mimi unanijua, siwezi kukunyima kitu ana kwa ana, na kwa barua nimeshindwa pia.

Miwani

*

Shule ya Wasichana
15 Machi

Kitinda,

Marahaba. Hongera ya uprofesa. Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Nimeifanya kazi yako. Namba ya Baba ni tasa. Karatasi zote zimo ndani ya kifurushi hiki, nimezifunga kwa uzi zisichanganyike. Nimetumia ule mtihani wa kupandisha: unachukua tatu, unaizidisha yenyewe kwa yenyewe, kila hatua unagawa kwa namba ya Baba na kubakiza baki, mpaka mwisho. Baki la mwisho likiwa si moja, namba ina vigawo. Likiwa moja, na yale masharti madogo yakatimia, namba ni tasa. Baki la mwisho ni moja. Masharti nayo yametimia, utayaona nyuma.

Kila hatua ikague mwenyewe kwa njia ya Baba. Mashine ya shule ina jino moja bovu, sitaki nije kulaumiwa.

Kuhusu kulitaja jina langu, usijisumbue. Nimezoea.

Dada

*

Chuoni
24 Machi

Dada yangu,

Kifurushi kimefika, nimekipakata kama mtoto mchanga. Nimefungua uzi polepole nisiukate.

Nimekaa na karatasi zako siku tatu. Kila hatua nimetupa tisa, kama zamani: najumlisha tarakimu, naondoa tisa, nalinganisha pande mbili. Zote zimekubali, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kutupa kumi na moja, kule kwa kujumlisha na kutoa tarakimu kwa zamu, sikujisumbua. Ile ilikuwa kazi yako siku zote. Baba akileta hesabu za stoo, mimi napewa tisa kwa sababu ni rahisi, wewe kumi na moja kwa sababu ni ya watu wazima, halafu unaniringia mezani mpaka chakula kinapoa.

Njoo kwenye hotuba. Nitakulipia gari, utalala kwangu, kitanda ninacho cha ziada. Tafadhali usiseme shule haikupi ruhusa. Mwalimu mkuu wako nitamwandikia mwenyewe.

Nimekukumbuka, Dada. Sijui kama inafaa kuandika hivyo, lakini nimeandika.

Kitinda

*

Shule ya Wasichana
2 Aprili

Miwani,

Ameumeza. Nilijua atatupa tisa tu. Tangu tukiwa watoto hajawahi kugusa kumi na moja, ni mvivu kama paka wa jikoni, anasubiri mwenzake afanye.

Nikueleze nilivyofanya, kwa sababu kuna raha nyingine mtu hawezi kuila peke yake. Baki langu la kweli la mwisho lilikuwa refu, halina hata dalili ya kuwa moja. Nikaliandika moja. Halafu kwenye mstari huohuo nikazichezea tarakimu za jibu, naongeza hapa, napunguza pale, mpaka jumla yake ikamridhisha tisa. Tisa ni kipofu, Miwani. Tarakimu ukizibadilisha viti, jumla ni ileile, haoni kitu. Kumi na moja anaangalia nani kakaa wapi, yeye angepiga kelele papo hapo.

Anataka niende nikalale kwake. Ana kitanda cha ziada. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Umeniuliza nitapata nini. Nitapata kumwona amesimama mbele ya watu mikono mitupu, kama mimi nilivyosimama kaburini kwa Mama nikisikia wajomba wanampongeza kwa chekeche langu. Hicho tu. Sikuzaliwa malaika.

Bahasha hiyo. Usiifungue kabla. Hata akilia, soma.

Mwalimu

*

Ofisi ya Jarida
18 Mei

Mwalimu,

Nimeianza barua hii mara nyingi na kapu la taka limejaa. Kaa chini kwanza.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kitinda alivaa gauni jeusi la kawaida, hakuna mbwembwe. Akaandika namba ubaoni, moja kumi na saba, watu wakatabasamu. Halafu akageuka akasema, nanukuu kama nilivyoandika kwenye karatasi ya ratiba: "Uthibitisho nitakaousoma si wangu. Mimi sikuongeza hata nukta. Ni kazi ya dada yangu." Akalitaja jina lako lote, la kwako, la Baba na la babu, akataja na shule yako. Akasema kiti kimoja cha mbele ni chako na kitabaki wazi. Watu wakasimama, Mwalimu. Wakakipigia makofi kiti. Mkuu wa idara aliyekaa mbele yangu akamnong'oneza katibu wake akuandikie barua ya kukuita uje kufundisha hapa. Nimesikia kwa masikio yangu.

Akausoma wote, bila haraka. Mimi bahasha ilikuwa inaniwasha kifuani. Nilishaamua kuikalia, naapa. Akamaliza akauliza, "Kuna mwenye neno?" Akauliza tena, safari hii ananitazama mimi: "Kuna mwenye karatasi yoyote kutoka kwa dada yangu?" Uso wangu unaujua, hausitiri kitu. Nikajikuta nimesimama.

Nikasoma: 2,071,723 na 5,363,222,357. Akaniita ubaoni nizizidishe. Nikazidisha, chaki inakatika. Nilipoanza kujumlisha kutoka kulia ikatoka moja. Kisha moja. Kisha moja tena. Ilipofika ya kumi, ukumbi mzima ulishaelewa. Zote kumi na saba zilitoka.

Mtu akauliza karatasi ile ni ya nani. Kitinda akasema, "Mhariri, soma sahihi." Nikasoma jina lako. Lilelile.

Mkuu wa idara alimwita katibu wake arudi, ile barua isiandikwe. Nje watu walikuwa wanauliza kama dada wa profesa ana akili timamu, wengine wakasema akili anazo nyingi mno, ubaya ndio umezidi. Kamati yangu imekutana leo. Vigawo vitachapwa, haviwezi kukataliwa, namba haidanganyi. Lakini wameamua vichapwe bila jina la mtu. Wanasema jina lako likiwekwa, hakuna atakayeusoma ukurasa bila kuukagua mara mbili. Nilipinga. Nilipinga kwa sauti ndogo, kama kawaida yangu.

Nisamehe.

Miwani

*

Chuoni
25 Mei

Dada,

Leo hakuna shikamoo.

Nilikuambia sikutupa kumi na moja. Siku ile ilikuwa kweli. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekaa peke yangu na karatasi zako, nikatamani tu kufanya sehemu yako, nione ulikuwa unajisikiaje ukiwa mkubwa. Nikaanza hatua ya kwanza. Zinakubali, zinakubali, nikawa nacheka mwenyewe kwa jinsi ulivyo safi. Mstari wa mwisho ukakataa. Nikarudia. Ukakataa. Nikaufanya wote upya kwa mashine, nikaliona baki lako la kweli, na nikaona jinsi ulivyozipanga tarakimu kwa uangalifu ili mimi, mimi hasa, nisione. Mtu mwingine yeyote duniani angekamata. Uliutengeneza kwa kipimo changu, kama fundi anavyoshona nguo.

Nikajua pia kwamba hungetuma uongo bila kumpa mtu ukweli aushike. Na nani mwingine ungempa kama si Miwani?

Ningeweza kubadili mada ya hotuba. Nilikuwa na wiki saba. Nikaamua hapana. Ulitaka nisimame na kitu chako mkononi kama cha kwangu, mara ya pili, kisha nivuliwe. Nikakirudisha kwa mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, Dada.

Sasa lile ambalo sikukusudia kukuambia, na nakuambia kwa sababu nataka likuume. Hotuba yangu ilikuwa na ukurasa wa mwisho. Nilimpa mpiga chapa auchape Januari, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Namba ya Baba ilikuwa kisingizio cha kukuleta ukumbini. Ukurasa ule ulikuwa unasema chekeche ni la nani. Nilitaka uwepo nikiusoma. Uprofesa wenyewe wangeniachia au wangeninyang'anya, sikujali sana, nilikuwa nimechoka kulala na sanduku lako chini ya kitanda.

Jumapili ile niliuchana. Leo hata nikiusoma juu ya paa kwa kipaza sauti hautasaidia. Watasema profesa anamwonea huruma dada yake mwenye wivu. Nani atakuamini wewe tena kuhusu namba?

Kitinda

*

Shule ya Wasichana
1 Juni

Kitinda,

Mwongo.

Miaka kumi na moja ulikuwa na mdomo, na posta ilikuwa wazi. Leo, baada ya kunimaliza, ndiyo unakumbuka ukurasa uliouchana? Rahisi sana. Hata wanafunzi wangu wasiofanya kazi husema daftari lililiwa na mbuzi.

Wasichana wa kidato cha nne wameacha kuniuliza maswali. Wanakwenda kwa mwalimu wa jiografia, ambaye kugawa kwa njia ndefu hajui. Mwalimu mkuu ananisalimia akiwa mbali. Nimeliona jarida la Miwani. Vigawo vyangu viko ukurasa wa sita, chini ya tangazo la mkutano, havina mama wala baba. Nimevitazama mpaka macho yameniuma. Ni vyangu, na siwezi kumwambia mtu ni vyangu.

Nakuchukia. Nakuandikia hivyo bila kupunguza.

Huko chuoni mnachapa kila kitu na karatasi ya kaboni. Kama ukurasa ule uliuchapa kweli, nakala ipo. Niletee. Kama nakala haipo, hukuuchapa, na wewe ni mwizi uleule aliyekuja msibani na viatu vipya.

Mimi

*

Chuoni
9 Juni

Dada,

Nakala ilikuwa kwenye kabati la mpiga chapa. Ameigonga muhuri wa tarehe aliyoichapa, utauona juu kulia.

Isome peke yako. Hakuna mwingine wa kuisoma.

Kitinda

[Muhuri: 11 Januari. Ukurasa wa mwisho.]

Kabla sijashuka, nina deni. Tasnifu iliyonipa nafasi ya kusimama hapa inahusu chekeche la kutafutia vigawo vya namba kubwa. Chekeche hilo sikulibuni mimi. Lilibuniwa na dada yangu mkubwa, aliyekaa katika kiti kile cha mbele, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo hiki. Alitoboa kila tundu kwa mkono wake. Aliniachia nimtunzie alipokwenda kumuuguza mama yetu, na mimi nikaliweka jina langu juu yake nikijua ninachofanya. Alimuuguza mama kwa niaba yetu wote wawili, nami nikampokonya.

Nimekwisha kumwandikia msajili. Naomba tasnifu ile itolewe kwenye rafu, jina langu lifutwe kwenye jalada, na lake liandikwe. Yeye ni dada yangu na mimi ni mdogo wake. Naomba asimame mumwone.